Miguu ilivimba, gauti ikaja, figo zikachoka: kisa cha mzee wa Makorora na mfuko wake wa dawa

Kisa hiki nakiandika kwa ruhusa ya mzee mwenyewe na binti yake, majina nimeyaacha na vitu vya kumtambulisha nimevitoa. Mzee ana miaka 64, anakaa Makorora hapa Tanga mjini, alifanya kazi za kupakia na kupakua mizigo miaka mingi, sa hivi amepumzika. Kisukari hana, sigara hana, pombe hajawahi kuionja. Presha anayo muda mrefu na anatumia dawa vizuri tu kwa kweli, sio wale wa kumeza leo na kuacha keshokutwa. Anafunga Jumatatu na Alhamisi karibu kila wiki. Hilo la kufunga liwekeni akilini, linarudi mbele.

Kilicholeta familia kwenye famasi ninayofanya kazi ni presha. Binti alikuja na kipande cha karatasi, kimeandikwa 182/104, anaomba bendro, yaani bendrofluazidi, jirani kamwambia hizo mbili anazotumia baba zimeshamzoea mwili kwa hiyo aongezewe ya tatu. Cheti hana. Nikamuuliza baba anatumia nini sasa hivi, akanitajia losartani na amlodipini. Nikamuuliza na nini kingine, akasema basi, ni hizo tu. Nikamuuliza mara ya pili kwa namna nyingine, kuna chochote anameza kwa ajili ya maumivu, miguu, usingizi, tumbo, chochote, hata kama sio cha presha? Hapo akafikiri kidogo, "Eeh dokta, kuna za miguu na za kidole." Nikamwambia nenda kaniletee mfuko wote kama ulivyo, usichague.

Watu wengi ukiwauliza unatumia dawa gani wanakutajia dawa za ugonjwa wanaoujua wenyewe, hizi nyingine wanaziona za kupita tu. Hawadanganyi. Ndo maana mimi naamini mfuko kuliko maneno.

Mfuko ulipofika nikavimwaga vyote kaunta. Losartani 50, amlodipini 10, furosemidi 40, diklofenaki 50, pakiti nyingine yenye jina la biashara tofauti kabisa ambayo ukisoma kwa maandishi madogo ni diklofenaki hiyohiyo imechanganywa na parasetamoli, amoksilini imebaki nusu, na vidonge vya vitamini B. Jumla saba. Mbili tu ndo zimeandikwa na daktari wa kliniki. Tukaanza kuzipanga kwa tarehe, ipi ilianza lini na kwa sababu gani, na ile kupanga tu tayari ikatoa jibu kubwa.

Kwa miaka miwili mzee alikuwa na losartani 50 na amlodipini 5, shwari. Miezi minne nyuma kliniki wakakuta presha 158/94, wakapandisha amlodipini kutoka 5 kwenda 10. Hapo sioni kosa, ni hatua ya kawaida kabisa. Wiki tatu hivi baadae miguu ikaanza kuvimba, yote miwili, asubuhi anaamka iko sawa, jioni makubazi hayaingii, ukibonyeza kwa kidole kwenye kifundo panabaki shimo.

Hapa lazima nieleze amlodipini inafanyaje kwa sababu ndo chanzo cha yote. Mishipa midogo inayopeleka damu ina misuli imeizunguka, na misuli ile ili ijikaze inahitaji kalisiamu iingie ndani ya seli zake. Amlodipini inaziba vile vinjia vya kalisiamu, misuli inalegea, mshipa unatanuka, presha inashuka. Ni dawa nzuri, inakaa mwilini muda mrefu, inachukua saa 30 hadi 50 kupungua nusu, kwa hiyo unameza mara moja tu kwa siku na inachukua kama wiki moja kufika kiwango chake kamili, mtu anayemeza leo akapima kesho akasema haifanyi kazi anaionea bure. Sasa shida yake ni kwamba inalegeza sana mishipa inayopeleka damu lakini ile inayorudisha haiigusi kiasi hicho. Damu inaingia kwenye vimishipa vyembamba vya miguuni kwa msukumo mkubwa zaidi huku njia ya kutokea iko vilevile kama zamani, msukumo ndani yake unapanda, maji yanachujika kwenda kwenye nyama, na kwa sababu mtu anashinda amesimama au amekaa yanashukia kwenye vifundo. Kwenye miligramu 10 hili linatokea mara nyingi zaidi kuliko kwenye 5, na kwa wanawake zaidi kuliko wanaume. Kwa hiyo mzee maji hayakuwa yamemzidi mwilini, yalikuwa yamehama tu kutoka kwenye mishipa kwenda kwenye nyama.

Ila si kila uvimbe wa miguu kwa mtu wa presha ni amlodipini, tusije tukatoka hapa tukaua watu. Ukivimba mguu mmoja tu na unauma, au unavimba na kulala chali huwezi kwa kukosa pumzi, au uso unavimba ukiamka asubuhi, au mkojo una povu kama la sabuni, huo ni uvimbe wa kwenda kupimwa haraka, inaweza kuwa damu imeganda, moyo, au figo zenyewe. Mzee hakuwa na hata kimoja, alikuwa analala vizuri mto mmoja, anatembea hadi msikitini na kurudi bila kuhema, na uvimbe ulianza baada ya dozi kupanda. Swali la "nini kilibadilika wiki chache kabla" lingetosha kabisa, na angeambiwa arudi kliniki alikopandishiwa.

Hakuulizwa. Alienda sehemu wanakouza dawa, akaonyesha miguu, akapewa furosemidi, wengi mnaijua kwa jina la Lasix, watu wa mtaani wanaiita dawa ya maji. Kimoja kila asubuhi. Furosemidi nayo naiheshimu sana, mtu ambaye moyo umechoka na maji yamejaa mapafuni anakuja anahema kama anazama, ukimpiga furosemidi unaona mwenyewe pumzi inarudi. Inaenda kwenye vijifereji vya figo, inazuia chumvi isirudishwe mwilini, chumvi inatoka na mkojo na maji yanaifuata. Kidonge kinaanza kazi ndani ya saa moja na kinamaliza kama saa sita hivi. Lakini inatoa maji ya kwenye damu, na mzee kwenye damu hakuwa na ziada. Miguu ikapungua kidogo tu, mkojo ndo ukawa mwingi, akawa anaona kizunguzungu akiinuka kutoka kwenye sijda, na usiku misuli ya vigimbi inamkaza, maana furosemidi inaondoka na potasiamu na magnesiamu pia. Kwa ile mikazo akapewa vitamini B. Dawa ya nne hiyo na bado hakuna aliyegusa ya kwanza.

Na siku za kufunga alikuwa anaihamisha, anameza daku, anakojoa mpaka saa tatu nne za asubuhi, halafu anashinda na jua la Tanga hadi magharibi hajaweka tone la maji mdomoni. Tena ilikuwa Februari, mnajua wenyewe Februari ya huku pwani ilivyo.

Sasa furosemidi ina tabia nyingine ambayo wauzaji wengi wanaisahau. Asidi ya yuriki, ambayo ni mabaki ya mwili kuvunja viini vya seli na vyakula kama maini, dagaa na supu za nyama, inatolewa na figo. Ukitumia dawa za kukojoza, figo zinaibakiza asidi hii badala ya kuitoa, na ukiwa na upungufu wa maji zinaibakiza zaidi. Ikizidi inaganda kuwa fuwele nyembamba kama sindano ndani ya viungo, na kiungo inachokipenda ni kile cha mwanzo wa kidole gumba cha mguu. Baada ya kama wiki sita za furosemidi mzee akaamka usiku wa manane kidole kinawaka moto, chekundu, kinang'aa, hata shuka likikigusa anapiga kelele. Hiyo ndo gauti. Yeye alidhani amechomwa na kitu ufukweni. Sehemu nyingine aliyoenda, sio ile ya kwanza, wakaona wekundu wakasema ni maambukizi, akapewa amoksilini, na kwa maumivu sindano ya diklofenaki halafu vidonge vya diklofenaki kutwa mara tatu. Na nyumbani alikuwa ameshaanza ile pakiti nyingine ya mgongo, mara mbili kwa siku, hajui ni kitu kilekile. Mwisho wa diklofenaki kwa mtu mzima kwa siku ni miligramu 150. Yeye alikuwa kwenye 250.

Inauma kusema lakini diklofenaki ilimsaidia kweli, kidole kilipoa ndani ya siku mbili, ndo maana akaendelea nayo. Kwa kijana mwenye figo nzima, asiye na vidonda vya tumbo wala presha, dawa za jamii hii ni tiba halali ya gauti. Kinachofanyika ni kwamba zinazuia kimeng'enya kinachotengeneza prostaglandini, na prostaglandini ndo zinazoleta uvimbe, joto na maumivu pale kwenye kiungo. Tatizo ni kwamba prostaglandini hizohizo zina kazi nyingine kwenye figo, na dawa haichagui.

Naomba mnivumilie hapa kwa sababu hapa ndo kiini. Chukulia kichujio cha figo kama tangi dogo lenye koki mbili, koki ya kuingizia damu na koki ya kutolea. Ili damu ichujwe lazima kuwe na msukumo ndani ya tangi. Mwili ukikosa maji, figo zinajilinda kwa njia mbili: prostaglandini zinaifungua koki ya kuingizia ili damu iendelee kuja, na homoni inayoitwa angiotensini inaibana koki ya kutolea ili msukumo usipotee. Sasa mpe mtu huyo dawa tatu kwa pamoja. Furosemidi imepunguza maji yanayofika kwenye tangi. Diklofenaki imezizima prostaglandini, koki ya kuingizia inabana. Losartani, ambayo kazi yake ndo hiyo ya kuikatalia angiotensini isishike kwenye kipokezi chake, imeilegeza koki ya kutolea. Damu inaingia kidogo, inatoka kirahisi, msukumo hakuna, uchujaji unasimama. Kila moja peke yake figo zingeihimili, hata mbili mara nyingi zinahimilika kwa uangalizi, lakini tatu kwa mzee wa miaka 64 anayeshinda bila maji ni kuzizima figo kwa mkono.

Na wale wanaodhani diklofenaki ni kitu chepesi kwa sababu kila kibanda kinayo, kule Asia ya Kusini tumbusi waliisha kwa mamilioni kwa sababu ya kula mizoga ya ng'ombe waliotibiwa diklofenaki. Wanasayansi wakaja kugundua mwaka 2004 kwamba ndege wale walikuwa wanakufa kwa figo, na mwaka 2006 India ikaipiga marufuku kwa mifugo. Figo za binadamu sio za tumbusi, tunaihimili vizuri zaidi sana, ila nikikumbuka hilo huwa siioni tena kama pipi.

Tukirudi kwenye ile presha ya 182/104. Dawa za jamii ya diklofenaki zinafanya figo zishike chumvi na maji, na zinapunguza nguvu za dawa za presha, hasa hizi za aina ya losartani na za kukojoza. Kwa hiyo losartani haikuwa "imezoeleka", ilikuwa inapigwa chini na kidonge cha kidole. Na bendro ambayo binti alitumwa kuja kununua ni dawa ya kukojoza pia, nayo inapandisha asidi ya yuriki, nayo inapunguza maji. Ingekuwa dawa ya nane, na gauti ingerudi, na mzee angeongezewa diklofenaki.

Sikuuza kitu siku ile. Nilimuuliza binti mambo matatu, baba anakojoa kiasi gani, anakula, ana kichefuchefu? Akasema tangu juzi mkojo ni kidogo na mweusi kama chai ya rangi, chakula hataki, asubuhi katapika. Nikampigia mzee mwenyewe simu, shikamoo baba, nikamwomba asimeze tena diklofenaki za aina zote mbili wala furosemidi, na losartani ya kesho asiinywe kabla daktari hajamwona, na aende hospitali leo hii na mfuko wake. "Mwanangu, kwani kidole ndo kinipeleke hospitali?" Nikamjibu ni figo baba, sio kidole. Akanyamaza, akasema sawa. Nikaandika kwenye karatasi mpangilio wa dawa zote kwa tarehe, binti akapanda bajaji nayo wakaenda hospitali ya Bombo.

Vipimo vikaonyesha kreatinini, yale mabaki ya mwili yanayopanda kwenye damu figo zisipochuja vizuri, 254, wakati kwa mwanaume inatakiwa iwe chini ya 110 hivi, na kipimo chake cha mwaka jana kilikuwa 98, kwa hiyo ni jambo la ghafla. Potasiamu 5.8, juu. Wengine walishangaa potasiamu iwe juu kwa mtu wa furosemidi, lakini figo zikishazimika haziitoi tena, na losartani na diklofenaki zote mbili zinaibakiza. Potasiamu ikizidi inaweza kusimamisha moyo bila taarifa, kwa hiyo wakampiga kipimo cha umeme wa moyo, kikawa sawa, Alhamdulillah. Asidi ya yuriki 570, nayo juu. Ultrasaundi ya figo haikuonyesha kuziba wala figo kusinyaa.

Matibabu yenyewe yalikuwa mepesi kuliko mtu angefikiria, maana sehemu kubwa ilikuwa kuondoa. Diklofenaki zote nje, furosemidi nje, amoksilini nje, losartani imesimamishwa kwa muda, amlodipini imerudishwa 5, akawekewa dripu kwa kiasi huku wanapima mkojo. Kidole kilipoanza kuuma tena baada ya diklofenaki kutoka, walimpa prednisoloni, dawa ya steroidi ya kutuliza uvimbe, siku tano, wakiangalia sukari na presha, kwa sababu kolikisini, dawa nyingine ya gauti, kwa figo zilizo kwenye hali ile inahitaji tahadhari kubwa na diklofenaki haiwezekani kabisa. Kreatinini ikaanza kushuka siku ya tatu, akatoka hospitali ikiwa 150, baada ya wiki tatu ikawa 106. Miguu, ile iliyoanzisha safari yote, ilinywea yenyewe ndani ya wiki mbili tangu amlodipini irudi 5, bila kidonge chochote cha maji.

Losartani ikarudishwa figo zilipotulia, 50 kwanza, wakapima kreatinini na potasiamu baada ya wiki mbili, zikawa salama, ikapandishwa 100. Kuna watu kwenye familia walitaka asiiguse tena losartani kwa kuwa "iliharibu figo", nikakaa nao muda mrefu kwa hili. Katika hali ya kawaida, mtu akiwa na maji ya kutosha na hana diklofenaki, dawa hii inazipunguzia figo mzigo, kwa wenye kisukari chenye protini kwenye mkojo ndo hutumika hasa kuzilinda. Na kwa mzee ina faida mbili za ziada: ikiunganishwa na amlodipini inapunguza ule uvimbe wa miguu kwa sababu inalegeza na mishipa ya kurudishia, na losartani peke yake katika jamii yake yote inajulikana kusaidia figo kutoa asidi ya yuriki. Kwa hiyo lile ongezeko la presha la miezi minne nyuma, kwa mtu huyu, pengine lingepata jibu kwa kupandisha losartani badala ya amlodipini. Nasema hivyo baada ya kuona yaliyotokea, aliyekuwa kliniki siku ile hakuwa na hayo mbele yake.

Presha yake mara ya mwisho nilimpima mwenyewe, 134/82, kwa dawa mbili. Ng'onda na dagaa wa chumvi amepunguza, shemeji yake ndo analalamika. Sunna zake za Jumatatu na Alhamisi hajaacha, daktari hakumkataza, amemwambia anywe maji ya kutosha kati ya futari na daku, na siku akiharisha, akitapika au akiwa na homa kali asifunge na asimeze losartani mpaka ale na anywe vizuri tena, halafu aendelee. Maumivu ya mgongo anatumia parasetamoli, na kuna jeli ya kupaka sehemu ndogo kwa siku chache, ambayo inayoingia kwenye damu ni kidogo sana ukilinganisha na kidonge, ila nayo aulize kwanza.

Kilichobaki ni hili la alopurinoli, dawa inayozuia mwili kutengeneza asidi ya yuriki, ambayo mwanawe wa kiume aliyeko Dar anataka aanzishiwe mara moja. Daktari ameona asubiri na mimi nakubaliana nae. Gauti ilimpata mara moja tu, ikiwa na sababu inayoonekana, na tangu furosemidi iondoke na losartani ipande, asidi imeshuka kutoka 570 hadi 405. Watapima tena baada ya miezi sita. Akipata shambulio la pili ndani ya mwaka ataanza kwa miligramu 100 ikipandishwa polepole mpaka asidi iwe chini ya 360, akiwa na kinga ya kolikisini dozi ndogo miezi ya mwanzo, kwa sababu alopurinoli ikianza ghafla inaweza yenyewe kuamsha gauti.

Karatasi ya mpangilio wa dawa nimewaandikia upya, ina mistari miwili tu, na chini nimeandika kwa herufi kubwa majina ya kuepuka: diklofenaki, ibuprofeni, piroksikamu, indometasini, na dawa yoyote ya maumivu ya mchanganyiko kabla hajasomewa maandishi madogo. Binti kaipiga picha ipo kwenye simu yake na ya mama yake.